Pete Iko Wapi?

Ndugu zangu wadogo wa ofisi ya maji,

Kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie namna ya kunakili faili kutoka picha moja ya diski hadi nyingine kwenye ile mashine ya kale. Maagizo niliandika. Yamebandikwa ukutani juu ya kompyuta, na kama kuna mtu ameyafunika kwa kalenda, ayafunue. Haya ninayoandika sasa ni yale ambayo hayakuenea ukutani. Nilistaafu mwezi uliopita, nafasi ninayo, na hapa nyumbani Garissa hakuna anayenikatiza ila mbuzi wa jirani. Habari za vyeo na mshahara siziweki humu. Mlango wa ofisi yangu mliuona, hata kitasa haukuwa nacho. Nataka kuwaeleza kwa nini nilikuwa mkali juu ya mashine ile, na kwa nini mle ndani mna kijiji kimoja ambacho siku hizi hakipo mahali pengine popote.

Nilianza kazi Nairobi, msichana niliyetoka shuleni juzi tu, katika chumba cha mashine cha idara moja iliyotunza vipimo vya visima. Mashine yenyewe ilijaza ukumbi. Ilitaka baridi, na sisi binadamu tulivumilia. Nilifika na gauni langu jepesi la Garissa na mtandio, na kabla ya adhuhuri meno yalikuwa yakigongana. Mkuu wa zamu alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mrefu asiyependa maneno, mwenye sweta la kahawia alilofumiwa na mke wake. Alinitazama, akalivua, akanipa. Kesho yake alikuja na jingine. Lile la kwanza hakuniomba tena, na mimi sikumrudishia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupandisha tepu, yaani kuziweka kwenye mashine. Tepu za wakati ule zilikuwa utepe uliozungushwa kwenye gurudumu, upana wa sinia, na nyuma ya kila moja palikuwa na mfereji wa kuwekea pete ya plastiki. Pete ikiwemo, mashine inaweza kuandika juu ya tepu na kufuta kilichokuwapo. Pete ikitolewa, mashine inasoma tu, hata uiamuru nini. Bwana Mutua akinituma nipandishe tepu ya kusomwa, aliuliza bila kuinua kichwa, "Pete iko wapi?" Jibu halikuwa maneno. Ilibidi uinue mkono umwonyeshe pete ikiwa kwenye vidole vyako. Ukimwambia "Nimeitoa, Bwana Mutua," alikurudisha ukaangalie. Siku moja mkurugenzi alikuja na wageni, akataka kuwaonyesha kwamba yeye pia anaijua kazi, akachukua tepu. Naye aliulizwa, naye alirudishwa. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Kwenye diski hapakuwa na pete, kwa hiyo huko alikuwa na swali jingine. Kabla ya kunakili chochote, opereta alisimama mbele ya kibodi na kujibu kwa sauti: "Kutoka wapi? Kwenda wapi?" Mimi swali hilo halikunisumbua. Sisi watu wa huku tumelijibu kwenye vizuizi vya barabara tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Nilimwambia hivyo, nikitarajia acheke. Alisema, "Basi utakuwa opereta mzuri. Umezoea kulijibu kama ni jambo la maana."

Nilikuja kuona umaana wake baadaye. Mwenzetu mmoja, mtu makini na mcha Mungu, alikuwa na haraka ya kwenda hospitali kumwona mtoto wake. Alinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa badala ya kinyume chake. Vipimo vya wilaya nzima vikaondoka kabla chai haijapoa. Hakufukuzwa. Lakini watu waliokwenda kupima visima vile kwa miguu na ngamia walikuwa wamestaafu au wamekufa, na hakuna aliyetumwa tena. Bwana Mutua alitoka akasimama kwenye korido, uso ukutani, kwa muda mrefu. Sisi tukaendelea na kazi.

Miaka ilikwenda, mashine ikazeeka, vipuri vikawa havipatikani. Ilipoamuliwa iuzwe kama chuma chakavu, mimi na Bwana Mutua tulipewa kazi ya kuhamisha kila diski iwe faili moja kwenye kompyuta ndogo, kila kitu kilichomo, hata nafasi zilizo tupu, mpangilio ule ule. Hiyo ndiyo mnayoiita picha ya diski. Kisha kuna programu inayoigiza mashine yenyewe. Unaiwasha kwenye kompyuta ya kawaida, unaipa picha zile, na mfumo wa zamani unaamka humo ndani ukidhani bado uko kwenye ukumbi wake wenye baridi. Mara ya kwanza nilipouona unaamka na kuuliza tarehe, nilishikwa na huzuni ambayo sikuitegemea.

Nilihamishiwa Garissa na picha za visima vya huku kwetu. Nilizibeba kwenye diski ya nje niliyoifunga ndani ya lile sweta, nikaipakata njia nzima. Bwana Mutua alikuwa anastaafu wiki hiyo hiyo. Alinipa pete moja ya tepu, akasema, "Huko kwenye picha pete hakuna. Itabidi uibebe wewe." Alifariki baada ya miaka michache. Nilikwenda Ukambani kumzika, nikasimama nyuma kabisa kwa sababu nyimbo za kanisa sizijui, na nililia kama nilivyomlilia baba yangu.

Hapa Garissa walinicheka kidogo. Walisema Zeinab amekuja na maiti ya mashine. Niliwaacha. Kila mara daktari wa mifugo, au mtu wa barabara, au shirika fulani lilipotaka kujua kisima fulani kilichimbwa kina gani, walikuja kwa maiti.

Acha niseme machache ya kazi yenyewe, kwa sababu najua mtarukia hadithi. Kila diski ya zamani ina jina lake la herufi sita mwanzoni kabisa, na mfumo unaitambua kwa jina hilo, si kwa kitu kingine. Ni chapa, kama ile tunayoichoma kwenye shavu la ngamia. Ukitengeneza nakala ya picha, umetengeneza ngamia wawili wenye chapa moja. Ukiwapeleka wote kwenye mfumo mmoja, mfumo utakuuliza yupi aondolewe, na ukijibu vibaya utakuwa unaandika juu ya asili huku ukijiona uko kwenye nakala. Badilisha chapa ya nakala kwanza, au uiwashe nakala peke yake. Tena, mashine ile ina alfabeti yake, na namba zake hubanwa ili zichukue nafasi ndogo. Kuna mtaalamu aliyekuja akazitoa faili kana kwamba zote ni maandishi. Majina ya visima yalisomeka vizuri sana. Namba za kina zote zilikuwa za uongo, na ripoti ilikuwa imekwishapigwa chapa na kuwekewa jalada la rangi. Nakili faili kama ilivyo, kutoka picha hadi picha, ndani ya mfumo wake mwenyewe. Ukitaka kuitafsiri, tafsiri nakala.

Sasa nifike kwenye siku ile. Abdirahman, ambaye leo ninyi mnamwita bosi na wakati ule alikuwa Abdi, msaidizi wangu, amenipa ruhusa niiandike. Alisoma ukurasa huu kabla yenu, na hakufuta kitu.

Ilikuwa mwaka wa ukame. Upande wa Griftu kulikuwa na vijiji viwili jirani, Hara Madow na Burqoy. Kisima cha mashine walichokuwa wakikitumia wote kilibomoka ndani, na watu wakawa wanaletewa maji kwa lori, lori likipenda. Ulipelekwa mtambo wa kuchimba. Fundi wake mkuu, Ochieng, alichimba mashimo mawili katikati ya vijiji hivyo, yote yakatoa maji ya chumvi ambayo hata ngamia waliyanusa wakageuza shingo. Alikuwa amebaki na dizeli ya shimo moja. Baada ya hapo ilimpasa kwenda Kutulo, ambako pia watu walikuwa wakimngoja. Lakini fundi huyo alikuwa na kumbukumbu. Alijua kwamba zamani wapimaji waliwahi kutoboa mashimo ya majaribio pande zile, wakapima kina na chumvi, wakayafunika. Moja lilikuwa Hara Madow, lingine Burqoy. Alinipigia simu akauliza kama vipimo hivyo vipo.

Vilikuwapo. Faili ilikuwa kwenye picha moja, na programu ya kuitoa isomeke ilikuwa kwenye picha nyingine ya mfumo mpya zaidi, kwa hiyo ilibidi ninakili. Kazi ya saa moja, kwa mtu asiye na haraka.

Lakini shimo lilikuwa moja na vijiji ni viwili, na hakuna aliyekubali kuletewa jibu na mwenzake. Wawakilishi wao wawili walisafiri hadi Garissa kwenye gari moja. Wa Burqoy alikuwa Mzee Gedi, ndevu za hina, mkongojo, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wa Hara Madow alikuwa Kheira, mwenyekiti wa kamati ya maji, rika langu. Mifugo yake ilikuwa imekwisha. Alichobaki nacho pale kijijini ni mama yake kipofu. Ochieng tulimweka kwenye simu, sauti wazi, juu ya meza, na kwa ajili yake tukazungumza Kiswahili, kila mtu kwa lafudhi yake, asije akadhani anafichwa kitu; nikamweleza tu kwamba adeer ni baba mdogo, eddo shangazi, walaal ndugu, abaayo dada.

Adhuhuri ilipofika nilimwambia Abdi awape wageni chai, nikaenda kuswali. Chumba kile mnakijua. Palikuwa na kompyuta moja ya mashine ya kale na kiti kimoja kizuri mbele yake. Mzee Gedi alikuwa amekikalia. Kheira akauliza kutoka nyuma, "Sasa mimi nimetoka Griftu kuja kuangalia mgongo ya Adeer?"

Ninyi wa huku mnajua. Wageni wawili wakifika pamoja, humtilii mmoja chai mwingine akitazama. Ukiwa na birika moja unaazima la pili. Abdi akawasha kompyuta ya pili, akaiweka mbele ya Kheira, akaifungulia picha ile ile ya diski. Programu ilikataa. Ilimwambia diski hii inatumika kwingine. Ila Abdi ni mtoto wa watu, mgeni hawezi kukatazwa mlangoni, akaiondoa ile kufuli. Kisha, ili pasiwe na wa kwanza na wa pili, akaanzisha kazi ya kunakili kwenye kompyuta zote mbili kwa pamoja.

Kila mfumo hujiamini kuwa ndio mwenye diski. Husoma faharasa yake mwanzoni, ile inayosema faili ipi iko wapi na nafasi ipi ni tupu, huiweka kichwani, halafu huandika kwa kuifuata. Mifumo miwili ilihitaji mahali pa kufanyia kazi, yote miwili ikaona nafasi moja, kila mmoja ukaandika pale. Kisha kila mmoja ukairudisha faharasa yake juu ya ile ya mwenzake. Niliporudi, skrini zote mbili zilikuwa zimejaa malalamiko, na faili ya vipimo ilisema haina kitu ndani.

Abdi alikuwa amesimama katikati ya kompyuta mbili, mikono imening'inia. "Eddo," aliniambia, "sijagusa kitu kingine. Wallahi nimefungua tu mara mbili."

Niliona uso wa Bwana Mutua ukutani kwenye ile korido. Nilifungua mdomo nimwambie kijana maneno ambayo yasingerudi, na Mzee Gedi akapiga mkongojo sakafuni.

"Walaal Zeinab, usimbigie huyu kelele. Hii ni maneno yetu. Sisi ndio tulikataa kukaa bamoja. Yeye alitaka kila mtu abate sawa."

Kheira aliinamisha kichwa.

Nikamwambia Abdi azime zote mbili. Ilibaki ile diski ya nje niliyotoka nayo Nairobi. Ilikuwa kwenye kabati la chuma, bado imefungwa kwenye sweta, na kwa muda mrefu sikuwa nimethubutu kuiwasha kwa sababu diski za umri ule hazina ahadi. Niliitoa nikaiweka mezani. Simu ikazungumza.

"Mama Zeinab, naomba unielewe," alisema Ochieng. "Jioni nisipopata namba, nang'oa mtambo. Kutulo nako ni watu."

"Nimekuelewa, Bwana Ochieng."

"Fungua tu hiyo moja kwa moja, tuone," alisema Mzee Gedi. "Hata ni dakika kidogo." Abdi naye alikuwa tayari ameshika waya, amenyoosha mkono kwenye kompyuta. Alitaka kulirekebisha kosa lake hapo hapo, na nani asingetaka?

Nikamwuliza, "Pete iko wapi?"

Alikuwa amelisikia swali hilo mara nyingi, na kila mara alikuwa akitabasamu. Safari hii hakutabasamu. Aliweka waya chini, akaketi, akaiandaa kompyuta iisome diski ile bila ruhusa ya kuandika hata herufi moja, akaniita nikague. Nilikagua. Kisha nikatoa pete ya Bwana Mutua mfukoni, nikaiweka mezani wote waione, na tukaiwasha.

Hatukuifungua picha. Tuliinakili nzima kwanza, kwenda diski mpya, bila kuuliza kilichomo. Ni kazi ya polepole na haina cha kutazama ila mstari unaosogea.

"Inafanya nini?" aliuliza Kheira.

"Inanakili."

"Zote? Si sisi tunataka kisima mbili tu?"

"Zote, abaayo. Nikianza kuchagua sasa, naweza kukosa hata hizo mbili."

Alivuta kiti chake akakaa karibu nami. Tukangoja. Ochieng alikuwa akipiga, tunamwambia bado, anakata. Kheira akaanza kunieleza habari za mama yake. Alisema mama anatembea peke yake Hara Madow, kutoka nyumbani hadi kwa jirani, hadi msikitini, hadi kaburi la mumewe, akishika kila mti kwa mkono. "Hapo yeye si kifofu," alisema. "Ukimtoa hapo, ndio atakuwa kifofu." Kisha akaniuliza kama najua jibu litakuwa nini. Nikamwambia sijui. Kwa kweli sikujua, na nilitaka liwe lake.

Karibu na alasiri mstari ulifika mwisho. Kuna programu inayosoma faili nzima na kutoa mstari mmoja wa herufi na namba. Mistari ya faili mbili ikilingana, basi faili hizo ni sawa. Tuliisomesha ile ya zamani tena, tukaisomesha mpya, Abdi akasoma mistari kwa sauti, herufi kwa herufi, mimi nikifuata kwa kidole. Ililingana. Nikamwambia atengeneze na ya pili, kutoka kwenye hii mpya. Ndipo ile diski ya zamani ilipotoa mlio mdogo, ikagonga ndani, ikanyamaza. Tulijaribu baadaye, na siku nyingine nyingi, na hata fundi mmoja wa Nairobi alijaribu. Haikuamka tena. Abdi aliutazama waya mkononi mwake, akauweka mezani taratibu, akaenda kunawa uso.

Aliporudi nilimpa kiti kizuri. Akabadilisha chapa ya nakala ya kazi, akapandisha picha mbili, akaweka vidole kwenye kibodi.

"Kutoka wapi?" nikamwuliza.

"Kutoka picha ya visima, Eddo. Imefungwa, haiandikwi."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda picha ya mfumo mpya."

"Ni mashine ngapi zimeifungua?"

"Ni hii beke yake." Hapo Kiswahili chake cha shule kilimtoroka.

"Bonyeza."

Vipimo vilitoka. Nilivisoma kimya kwanza, kwa sababu mtu anayesoma kwa sauti asichokijua huweza kuumiza watu. Burqoy kulikuwa na tabaka la maji matamu, na chini yake kidogo chumvi. Mchimbaji akisimama pale penyewe, amepata, na akiendelea amelichafua. Hara Madow kulikuwa na chumvi tangu maji ya kwanza hadi mwisho wa shimo. Hapakuwa na tabaka lingine.

Nitawaambia wazi. Maisha yangu yote nililinda namba zisiharibike, na kwa muda ule mfupi nilitamani hizi ziwe zimeharibika. Nikazisoma. Ochieng aliziandika kwenye upande wake, akazirudia ili nihakikishe, akanishukuru, akabaki kwenye laini.

Kheira alisema, "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ulitengeneza bicha mbili. Hiyo ingine iko?"

"Iko."

"Soma hiyo."

Hakuna aliyemharakisha, hata Mzee Gedi. Tulizima, tukapandisha nakala ya pili peke yake, tukanakili upya, nikasoma. Ilikuwa ile ile. Kheira alijifunika vizuri mtandio wake, akaweka mikono mapajani. "Haye," alisema. "Basi ni chumfi."

Mzee Gedi aliegemea mkongojo wake. Kisha akasema, "Kisima itachimbwa kwetu. Lakini watu ya Hara Madow wakikuja, wao ndio wanakunywa kwanza. Na mahali ya kujenga, wanachagua wenyewe."

"Sema tena, Adeer," alisema Kheira. "Mbele ya Zeinab. Na huyo mtu ya simu, anasikia?"

"Nasikia, mama," ilisema simu.

Mzee alirudia neno kwa neno.

Ochieng alichimba Burqoy, akasimama pale alipoambiwa asimame, na maji yalikuja matamu. Hara Madow ilihama kidogo kidogo. Wanawake walibomoa nyumba zao, wakafunga miti na mikeka, wakapakia kwenye mikokoteni ya punda, na nyumba ya mwisho kubomolewa ilikuwa ya mama yake Kheira. Mzee Gedi alitimiza alilosema. Hayo nilielezwa na Abdi, aliyekwenda mwenyewe kuangalia, bila kutumwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Kheira alikuja ofisini. Alikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia iliyooshwa vizuri, imejaa maji. "Nilisikia unatoka," alisema. "Hii ni yako." Nilimimina kwenye vikombe viwili kwa pamoja, tukanywa. Yalikuwa matamu kweli. Nikamwuliza hali ya mama.

"Amefariki. Allah amrehemu."

"Amin. Pole sana, abaayo."

"Alikunywa hii maji. Kila asubuhi alikunywa, alikuwa anasema ni tamu, hajawahi kukunywa kama hii. Halafu anauliza, tunarudi lini?" Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kila asubuhi, Zeinab. Ni tamu, tunarudi lini?"

Nililia pamoja naye, na sikuona haya. Mimi ndiye niliyezisoma zile namba.

Alipotulia aliniuliza, "Hiyo ya Hara Madow bado iko ndani ya mashine?"

"Ipo."

"Na ni chumfi tu."

"Ni chumvi tu."

"Sasa wewe ukienda, hawa fijana wakiona haina kazi, si watafuta?"

Nikaiwasha mashine, nikaifungua ile picha, nikamwonyesha. Jina la kijiji liko pale kwa herufi kubwa, mahali palipo, kina cha shimo, chumvi. Alinyoosha kidole akaligusa jina kwenye kioo. Alisema pale kijijini sasa hakuna hata ua, miti imekatwa makaa, na watoto wao wakiulizwa wanatoka wapi wanasema Burqoy. Hakusema kwa kulaumu.

Nilifungua droo, nikatoa pete, nikainua mkono nikamwonyesha. Sikumwambia neno, na hakuhitaji. Alikuwapo siku ile.

Kwa hiyo ndugu zangu, siku mtakapopungukiwa nafasi kwenye diski, futeni kitu kingine. Sweta nimeondoka nalo, ni langu. Pete nimewaachia, droo ya juu upande wa kulia. Kheira amesema atakuwa akipita akija Garissa. Akiwauliza, msimjibu kwa maneno.